Ngurumo za Agosti katika Nyanda za Marekani



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mkulima na kila mvuvi hulifikiri aamkapo na kutazama mbinguni, nalo ni mvua: je, itanyesha au haitanyesha, na ikinyesha, itakuja kwa heri au kwa shari? Tumechagua kuwachukua mbali kidogo, hata nyanda kubwa za Marekani, ambako katika mwisho wa majira yao ya joto, yaani mwezi wa Agosti na mwanzo wa Septemba, hutokea mvua za radi zenye nguvu nyingi. Hatuendi huko kutafuta hadithi za ajabu. Twaenda kwa kuwa watu wa nyanda hizo wamejifunza kwa muda wa miaka zaidi ya 140, tena kwa hasara ya mali na ya roho za watu, namna ya kuwaonya wenzao kabla radi haijafika.

Katika kujifunza kwao mna fundisho moja, nasi twapenda kulitaja mapema ili mlishike njiani. Utabiri wa hali ya hewa haupati thamani yake kwa kutokosea kamwe, maana hakuna utabiri wa namna hiyo. Thamani yake ni kwamba husemwa mapema, husemwa waziwazi pamoja na shaka yake, na humfikia mtu awezaye kufanya jambo kabla wakati haujapita.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Upande wa magharibi imesimama safu ya milima iitwayo Rocky. Chini ya milima hiyo uko mji wa Denver, ulioinuka kadiri ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi yateremka kuelekea mashariki, lakini yateremka polepole sana hata msafiri hatambui kwamba anateremka. Naye atakwenda hivyo kilomita mia nyingi, akipita Nebraska au Kansas, mpaka afike penye mwinuko wa mita 300 tu. Upande wa kusini ziko Oklahoma na Texas. Upande wa kaskazini ziko Dakota mbili, na mbele yake nchi ya Kanada. Hakuna mlima wa kuzuia upepo, wala msitu mkubwa. Mtu asimamapo shambani aweza kuona wingu la radi lililo mbali kilomita 100 na zaidi, hasa jua linapokuchwa nyuma yake.

Watu wa huko ni wakulima na wafugaji. Ngano yao iliyopandwa kabla ya baridi huvunwa aghalabu mwezi wa Juni na Julai, lakini mahindi, soya na mtama hubaki shambani mpaka Septemba na Oktoba. Kwa hiyo Agosti ni mwezi wa matumaini na wa hofu pamoja. Mahindi yamekwisha kubeba, punje zataka maji ili zijae, na jua ni kali. Mvua moja njema yaweza kuokoa kazi ya mwaka; na mvua ya mawe ya robo saa yaweza kuacha mabua matupu. Mvua ambayo mkulima aiomba na mvua ambayo aiogopa hutoka katika wingu la namna moja.

Sasa, wingu hilo hufanyikaje? Yatakiwa mambo matatu. La kwanza ni unyevu, nao hupanda pamoja na upepo wa kusini kutoka Ghuba ya Mexico, iliyo bahari ya joto. Katika Agosti mashamba ya mahindi yenyewe huongeza unyevu, kwa maana majani hutoa maji hewani mchana kutwa. La pili ni tofauti ya joto: chini pawe na hewa ya moto, na juu pawe na hewa ya baridi. La tatu ni kitu cha kuisukuma ile hewa ya chini ianze kupanda, kama mteremko wa mlima uliopigwa na jua, au ukingo wa hewa baridi inayosukumana na hewa ya joto.

Hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo sana. Hayo ndiyo wingu. Na hapa pana siri kubwa ya radi. Mvuke ugeukapo kuwa maji hutoa joto, nalo joto hilo huipasha ile hewa inayopanda, ikazidi kupanda kwa nguvu. Hivyo wingu hujilisha lenyewe, kama moto ulioshika nyasi kavu. Kilele chake chaweza kufika kilomita 12, hata 15, juu ya nchi, penye baridi kali mno, na huko barafu na matone yaliyopoa hugongana. Katika kugongana huko nguvu za umeme hujitenga, aina moja ikikaa juu na nyingine ikikaa chini ya wingu, mpaka zipate njia ya kukutana. Kukutana kwao ndiko umeme tunaouona. Hewa iliyo katika njia hiyo hupata joto la nyuzi za senti-gredi kama 30,000, hupanuka kwa ghafula, na mshindo wake ndio ngurumo.

Mawe ya mvua nayo huzaliwa humo. Kipande kidogo cha barafu hubebwa na ule upepo unaopanda, huku maji baridi yakikiganda tabaka juu ya tabaka, mpaka kiwe kizito kuliko nguvu ya upepo, kikaanguka. Tarehe 3 Septemba 1970, katika mji wa Coffeyville, Kansas, liliokotwa jiwe lenye uzito wa robo tatu ya kilo. Rekodi hiyo ilivunjwa tarehe 23 Julai 2010 huko Vivian, Dakota ya Kusini: jiwe la upana wa sentimita 20, uzito wake karibu gramu 880. Mtu aliyepata kuona mvua ya mawe ikichana majani ya chai huko Kericho anajua mawe madogo yafanya nini. Basi na afikiri jiwe la ukubwa huo likianguka juu ya bati, juu ya ng'ombe, au juu ya kichwa cha mtu.

Huenda wengine wakauliza, ikiwa mambo yanayoleta radi yajulikana, ugumu wa kuitabiri uko wapi? Ugumu uko katika mahali na saa, na Agosti huuzidisha. Katika majira ya kuchipua, yaani Aprili na Mei, pepo za juu kabisa hupita kwa kasi juu ya nyanda, na mapambano makubwa ya hewa baridi na hewa moto huonekana katika ramani siku kadha kabla. Lakini mwisho wa majira ya joto zile pepo kuu husogea kaskazini, na juu ya nyanda hewa hulegea. Radi basi huzaliwa kwa sababu ndogondogo: mteremko mmoja uliopata jua mapema, au hewa baridi iliyobaki chini baada ya radi ya jana. Mvua yaweza kuangamiza shamba la mtu mmoja, na jirani yake asipate hata tone la kutuliza vumbi.

Tena kuna jambo jingine la ajabu. Kwetu tumezoea kuona radi mchana, jua likiisha kupasha nchi. Katika milima ya Rocky ni vivyo hivyo: mawingu huanza saa sita, na alasiri hunguruma. Lakini katikati ya nyanda, huko Nebraska, Kansas na Iowa, sehemu kubwa ya mvua ya majira ya joto huanguka usiku. Sababu zake ni mbili hasa. Yale mawingu ya milimani husafiri kuelekea mashariki jioni, nayo huhitaji saa kadha kufika. Na usiku, nchi ikiisha kupoa, hutokea mkondo wa upepo wa kasi kutoka kusini, mita mia chache tu juu ya ardhi, ukichukua unyevu wa bahari. Mkondo huo huyalisha mawingu katika giza, yakaungana na kuwa jeshi moja. Mwaka 1980 mtaalamu Robert Maddox alionyesha, kwa picha za satelaiti, kwamba makundi hayo ya radi yaweza kufunika eneo kubwa sana na kudumu usiku kucha. Hata hivyo si mambo yote yamekwisha kufahamika. Mwaka 2015 wataalamu walikwenda Kansas kwa majuma sita, pamoja na ndege, rada na vipimo vya magari, ili kuzichunguza radi za usiku tu.

Tumekwisha kuujua ugumu. Sasa tutazame jinsi wanadamu walivyoukabili. Serikali ya Marekani ilianza kazi ya kukusanya habari za hali ya hewa mwaka 1870, chini ya jeshi, kwa simu za waya. Askari mmoja wa idara hiyo, John Finley, alijitia katika kazi ya kutabiri tornado, yaani ule upepo mkali wa kuzunguka ambao hushuka kutoka wingu la radi kama mkonga wa tembo. Mwaka 1884 alifanya majaribio ya utabiri 2,803, akasema kwamba yaliyosadiki yalikuwa zaidi ya 96 kwa mia. Watu wakastaajabu. Lakini G. K. Gilbert, mtaalamu wa miamba, alizitazama hesabu zile vizuri. Tornado hazikuonekana ila mara 51 katika mara zote hizo. Basi mtu ambaye angelala usingizi na kusema kila siku, "Leo hakuna tornado," angalipata sawa mara 98 kwa mia, akamshinda Finley kwa uvivu wake!

Sisi walimu twalipenda sana jambo hili, maana lafundisha zaidi ya hesabu. Yule mvivu hashindi kwa kweli, kwa sababu zile siku 2 katika mia alizokosa ndizo siku za vifo. Finley alikosea mara nyingi kwa kuonya bure, lakini mara 28 alisema itakuja, nayo ikaja. Je, mama mwenye watoto angependa kumsikiliza yupi kati ya hao wawili?

Wakubwa wa siku hizo hawakuona hivyo. Walihofu kwamba neno tornado lingewatia watu kiwewe, na ya kuwa wageni wangeogopa kuja kukaa katika nyanda. Katika miaka ya 1880 watabiri wakakatazwa kulitumia neno hilo katika matangazo yao. Katazo liliondolewa mwaka 1938, lakini woga wa kulisema ulibaki. Katika miaka hiyo yote tornado hazikukoma kwa sababu hazikutajwa. Ziliua watu ambao hawakuambiwa kitu. Wahenga wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Jambo hilo lilianza kugeuka katika Machi 1948. Tarehe 20 ya mwezi huo tornado iliharibu ndege nyingi katika kiwanja cha jeshi kiitwacho Tinker, Oklahoma. Maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliamriwa kutafuta kama lingewezekana kutabiri jambo kama hilo. Siku tano baadaye wakaiona ramani ya hewa inafanana na ya siku ile. Walikuwa na shaka kubwa, kwani nani apate kusadiki kwamba mahali pamoja patapigwa mara mbili katika juma moja? Hata hivyo walitoa onyo, ndege zikafungwa na kufichwa, watu wakaenda mahali pa salama. Na jioni ile ile tornado ikapita katika kiwanja hicho hicho. Mwaka 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa ya nchi nzima aliwaandikia watabiri wake kwamba wasiogope kulitaja jambo hilo kwa jina.

Tangu hapo vyombo vimeongezeka. Mwaka 1960 satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilitumwa juu. Rada, iliyotumika vitani kutafuta ndege, iligeuzwa ikatafuta mvua. Na katika miaka ya 1990 nchi nzima ilipata rada za namna ya Doppler, ambazo huonyesha mvua ilipo, na pia upepo ndani ya wingu unakwenda upande gani na kwa kasi gani. Kila siku, mara mbili, mapurutangi yenye vipimo hurushwa kwa saa moja duniani kote. Katika Oklahoma kuna vituo kama 120 vilivyoanza kazi yake mwaka 1994, angalau kimoja katika kila wilaya, navyo hupeleka habari za joto, upepo na mvua kila dakika tano. Na tangu mwaka 2014 kompyuta za serikali huchora kila saa picha ya saa zijazo, kwa vipande vidogo vya kilomita tatu tatu, hata wingu moja kubwa la radi laweza kuonekana humo.

Kazi imegawanywa kwa mikoa. Katika mji wa Norman, Oklahoma, kuna ofisi inayotazama radi kali za nchi nzima. Ikiona kwamba hali ya kuzaa radi kali yajikusanya, hutoa tangazo la kujihadhari kwa eneo kubwa na kwa muda wa saa kadha. Maana yake ni hii: jambo laweza kutokea, basi tegeni masikio na mjiweke tayari. Kisha ofisi za mikoa, ambazo ni 122 katika nchi yote, hutazama rada zao na kupokea habari za watu wa kujitolea waliofundishwa kuangalia mawingu. Radi ikiisha kuonekana, ofisi ya mkoa hutoa onyo kwa eneo dogo na kwa muda usiofika, aghalabu, saa moja. Maana yake: jambo limekwisha kuanza, ingieni ndani sasa. Hizi ni daraja mbili, na mtu asizichanganye. Ya kwanza yakuambia uchukue jembe lako karibu na nyumba. Ya pili yakuambia uliache.

Watabiri husema pia kwa hesabu ya mia. Wakisema mvua ni 30 kwa mia, mtu asidhani kwamba itanyesha kwa muda wa theluthi ya siku, wala asiseme, mvua isiponyesha, "Wamenidanganya." Maana yake ni kwamba katika siku 100 zilizofanana na hii, mahali pako patapata mvua siku kama 30, na siku 70 hapatapata. Mtu mwenye nguo za kuanika aweza kubahatisha. Mtu mwenye mashua na watoto ndani yake afikiri tena.

Na tuseme wazi kwamba, pamoja na vyombo vyote hivyo, Agosti huweza kuwashinda. Tarehe 10 Agosti 2020 kundi la radi lilizaliwa asubuhi kusini mashariki ya Dakota ya Kusini. Makadirio ya usiku uliotangulia hayakuonyesha ukubwa wa jambo litakalotokea. Radi zilijipanga mstari mmoja, zikasukuma mbele yake upepo wa kunyoka, ambao wataalamu huuita kwa neno la Kihispania, derecho, lililoanza kutumika hivyo mwaka 1888 na mwalimu wa Iowa, Gustavus Hinrichs. Upepo ule ulikwenda karibu kilomita 1,240 kwa saa 14, mpaka Ohio. Katika Cedar Rapids kasi yake ilikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa, na mahindi ya Iowa yalilazwa chini kama mkeka. Asubuhi, watabiri walipoona radi zimezaliwa na hali ya hewa mbele yake ni ya kuzilisha, waliongeza daraja ya hatari na kutoa maonyo mbele ya upepo. Mashamba hayakuweza kuhamishwa, lakini watu waliweza kuingia ndani.

Huko milimani funzo lilikuwa la namna nyingine. Jioni ya tarehe 31 Julai 1976, penye bonde la mto Big Thompson katika Colorado, pepo za juu zilikuwa dhaifu, kama tulivyosema juu ya majira hayo, na wingu la radi lilisimama mahali pamoja. Mvua kama milimita 300 ilianguka kwa muda wa saa nne hivi. Watu walikuwa wengi bondeni kwa siku za mapumziko, na zaidi ya 140 walikufa. Wengine walikufa ndani ya magari yao, wakijaribu kukimbia kwa njia ile ile ambayo maji yalikuwa yakiifuata. Tangu hapo mabango yamewekwa katika mabonde ya Colorado yakiwaambia watu kwamba mafuriko yakija wapande juu ya mlima. Maneno machache, mepesi kufahamika. Nayo ni utabiri unaokaa palepale siku zote.

Hata wasafiri wa angani hawakuachwa. Theodore Fujita, mzaliwa wa Japani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza kwamba baadhi ya mawingu ya radi huporomosha upepo chini kwa ghafula, kama ndoo ya maji iliyopinduliwa, nao ukifika chini hutawanyika pande zote. Wengine walimwonea shaka. Katika majira ya joto ya mwaka 1982 pepo hizo zilipimwa kwa rada karibu na Denver, zikaonekana mara nyingi. Lakini tarehe 2 Agosti 1985 ndege kubwa ya abiria, ikishuka Dallas katika mvua ya radi, ilikutwa na upepo wa namna hiyo ikaanguka. Wakafa watu 137. Baada ya msiba huo viwanja vikubwa vilipewa rada za pekee, na ndege zikatiwa vyombo vya kumwonya rubani. Maarifa yalikuwapo kabla ya 1985. Lililokosekana ni njia ya kumfikishia rubani neno kwa wakati.

Basi, Mabibi na Mabwana, turudi kwetu. Ziwa la Viktoria lina radi zake za usiku kama nyanda zile. Nchi kavu ikipoa, hewa hushuka kutoka pande zote kwenda juu ya maji yaliyo na joto, hukutana katikati, hupanda, na kabla ya alfajiri mawingu hunguruma juu ya taa za wavuvi wa dagaa. Katika miaka ya karibuni idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania zimeshirikiana kutoa tahadhari kwa watu wa ziwani. Hiyo ni kazi ya sifa. Lakini tahadhari isiyofika mwaloni ni karatasi tu. Ni juu ya mwenye redio kumwambia jirani asiye nayo. Ni juu ya mwenye mashua kutomlazimisha kijana kwenda majini usiku ambao onyo limetolewa. Ni juu yetu walimu kuwafundisha watoto kwamba kutabiri hewa si kupiga ramli, ni kupima, kulinganisha na kusema kweli pamoja na shaka yake.

Tena kuna mambo ambayo mtu aweza kuyafanya bila chombo chochote. Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Lakini usingoje ikaribie: ukiisikia ngurumo, basi umeme waweza kukufikia. Ingia katika nyumba iliyojengwa imara. Usisimame chini ya mti uliojitenga, wala usibaki uwanjani na wanafunzi wako ati mchezo haujaisha. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Maji yakijaa mtoni, usishindane nayo, panda juu. Na mtabiri akionya leo, na mvua isije, usimcheke. Huenda alikuwa na sababu njema ya kusema, na huenda kesho sababu hiyo hiyo ikaokoa nyumba yako.

Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Watu wa nyanda za Marekani wameongeza vyombo vya kuliona wingu lingali halijazaliwa. Hata hivyo bado huhitaji mtu wa kusema na mtu wa kusikia. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zetu.

Kwa herini.